Kijito cha Chini ya Kiyovu: Uzuri wa Mto wa Mjini Asubuhi ya Kipupwe

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Kiyovu, Kigali, mwezi wa Julai



Nawashukuru walionialika, na nawashukuru zaidi kwa kukubali mhadhara huu utolewe kwa Kiswahili. Ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, ingawa kwa watu wa mtaa wa Biryogo, hapa mjini, ilikuwa lugha ya nyumbani, ya msikitini na ya sokoni miaka mingi kabla ya hapo. Nimefurahi kuona wazee wa Biryogo wamo ukumbini.

Kusudi langu jioni hii ni moja. Nataka kuwashawishi kwamba uzuri mtulivu wa kijito cha mjini, hasa asubuhi za kipupwe kama hizi tulizo nazo, ni jambo la umma. Unastahili kuhesabiwa mji unapopangwa, pamoja na barabara, umeme na maji ya bomba. Wengi wetu tumezoea kuuona uzuri kuwa pambo la kuongezwa kazi ikishakwisha, fedha zikibaki. Kwa mto sivyo. Mto ukiwa mzuri mwezi wa Julai, kuna sababu zake, na sababu hizo ni afya ya bonde zima.

Mtauliza: mto gani? Kiyovu ina miti mikubwa, ina balozi na hoteli, lakini nani amewahi kuona mto hapa? Nawaomba mteremke nami kwa fikra. Kilima hiki cha Nyarugenge kimezungukwa na mabonde. Upande wa kusini, chini ya Rugunga, kuna kijito cha Rwampara na kinamasi chake. Kinaelekea Kanogo, kinakutana na maji yanayotoka Gikondo, halafu maji hayo yanafuata bonde sambamba na barabara ya malori, ile tunayoiita Poids Lourds, yanapita Kinamba na kuingia Nyabugogo. Nyabugogo wenyewe unatoka Ziwa Muhazi, nao unamwaga maji yake Nyabarongo, karibu na Giti cy'Inyoni. Nyabarongo ukishapokea maji ya Akanyaru, mbele yake unakuwa Akagera. Akagera unaingia Ziwa Victoria. Na kutoka hapo ni Nile. Mvua inayopiga mapaa ya Kiyovu ina njia iliyo wazi mpaka Misri.

Mwanzilishi wa mji huu aliijua njia hiyo. Richard Kandt, Mjerumani, alianzisha Kigali mwaka 1907, lakini miaka tisa kabla ya hapo, 1898, alikuwa akifuata mito ya nchi hii akitafuta chanzo cha Nile. Alifika Rukarara, katika msitu wa Nyungwe, akaridhika kwamba ndicho, na mwaka 1904 akachapisha kitabu alichokiita Caput Nili. Nyumba yake leo ni makumbusho, si mbali na hapa. Mtu aliyetembea hivyo kwa ajili ya mto aliacha mji ambao, ulipokua, ulikaa vilimani na kuyapa mabonde mgongo. Wakati wa uhuru, 1962, Kigali ilikuwa mji mdogo wa watu wa kuhesabika kwa maelfu machache. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,745,555. Katika kukua huko, bonde likawa mahali pa kufyatulia matofali, pa kulima mboga, pa viwanda na magereji, na pa kupokea chochote kilima kisichokitaka.

Sasa niingie katika hoja zangu. Ni nne, na hazilingani kwa urefu. Ya kwanza na ya nne ndizo zilizonileta hapa.

Hoja ya kwanza: maji ya kipupwe ni maji ya akiba

Wakati wa itumba, yaani masika, Machi hadi Mei, kila mtaro wa Kigali ni mto. Mvua ikishuka nusu saa tu, ruhurura ya Mpazi, yaani mtaro wake mkubwa, inanguruma kutoka pande za Nyamirambo na Gitega mpaka Nyabugogo. Maji ni mekundu, yamebeba udongo, chupa na matawi, na wenye maduka karibu na stendi wanaanza kupandisha bidhaa juu ya meza. Maji yale hayatuelezi hali ya mto. Yanatueleza habari za mabati, lami na nyua zilizosakafiwa kwa saruji, vitu visivyojua kunywa. Yanapita kwa kishindo, na mvua ikikatika nayo yamekwisha.

Lakini Julai, mvua zikiwa zimekatika tangu mwanzoni mwa Juni, ukishuka Rwampara alfajiri ukakuta maji yanatembea, jiulize yametoka wapi. Mbingu ni kavu. Maji yale yaliingia ardhini Aprili, juu mlimani, penye miti na majani na udongo ulio wazi. Yakashuka polepole kati ya mawe. Yakafika kinamasini, yakakaa katika tope jeusi na mizizi ya mafunjo, na sasa yanatolewa kidogo kidogo. Wazee walisema akiba haiozi. Kijito cha kipupwe ni akiba ya bonde, inatumika mbele ya macho yetu, na yeyote aliyetaka kujua kama tuliweka akiba mwaka huu aende akaangalie.

Ndiyo maana nasema mto haupimwi wakati wa mafuriko. Upimwe sasa. Maji yakiwa machache hayawezi kuficha kitu. Mafuta ya gari yaliyomwagwa jana jioni yanaonekana yametanda juu ya maji kwa rangi zake za zambarau na kijani. Povu la sabuni la pale panapooshwa magari linakwama kwenye majani na kukaa. Shimo la choo linalovuja linajulikana kwa harufu yake, tofauti kabisa na harufu ya tope, ambayo ni nzito lakini haichukizi. Wakati wa itumba yote haya yanazolewa na kupelekwa kwa wengine. Wataalamu wana vyombo vyao vya kupimia, na wapime. Lakini hata mtoto wa shule ya msingi akifundishwa kutazama na kunusa anaweza kuandika taarifa ya kweli kuhusu kijito hiki asubuhi moja ya Julai.

Na taarifa hiyo inatuhusu midomoni. Kiwanda cha maji cha Nzove, kikubwa kuliko vyote vinavyouhudumia mji huu, kinategemea bonde la Nyabarongo, na kile cha Kimisagara kinachota maji ya mto Yanze. Fedha tunazotumia kuondoa tope na uchafu katika maji hayo ni gharama ya vilima visivyofunikwa na vinamasi vilivyokatwa.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba maji mangavu yanayopita juu ya mchanga alfajiri ni mazuri, mimi namjibu kwamba amesema neno la kitaalamu. Uangavu ule maana yake udongo umebaki mlimani. Kutembea kwa maji yale maana yake kinamasi kingali hai.

Hoja ya pili: tuutazame ukungu kwa uaminifu

Nyote mliolala Kiyovu mnaujua mwonekano ninaotaka kuuzungumzia. Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya nyuzi 15 hivi, unasimama mahali barabara inapoanza kushuka. Ng'ambo unaona kuba la Convention Centre pale Kimihurura, kusini unaona mgongo wa Rebero, lakini katikati bonde lote limejaa weupe, na paa moja moja tu ndilo linalojitokeza. 

Jambo hili lina sababu. Usiku wa kipupwe mbingu haina mawingu, joto la ardhi linapanda na kupotea. Hewa iliyopoa ni nzito, basi inateremka kwenye miteremko ya Kiyovu, Gikondo na Kimihurura na kujikusanya chini. Huko inakutana na kinamasi chenye unyevu na maji ambayo bado yana joto kidogo la mchana. Unyevu unageuka matone madogo mno, na bonde linafunikwa. Mahali pasipo kinamasi, pameshindiliwa kifusi na kujengwa maghala, ukungu huo hupungua. Kwa hiyo nao ni taarifa, kama maji yenyewe.

Ila nimesema tuutazame kwa uaminifu. Hewa ya joto iliyo juu hukaa kama mfuniko, na chini ya mfuniko huo umo pia moshi: wa makaa na kuni za kupikia chai ya asubuhi, wa dizeli ya malori, pamoja na vumbi la barabara zisizo na lami. Mvua ingeusafisha, lakini mvua hakuna. Hewa ya Kigali huwa mbaya zaidi katika miezi hii ya ukavu, na asubuhi ni moja ya saa zake mbaya. Ukishuka utatofautisha mwenyewe. Ukungu mtupu hulowanisha nyusi na hauna harufu. Moshi hukausha koo. Pale Rwampara utavipata vyote viwili ndani ya hatua mia moja, na anayependa kijito hana budi kusema habari za vyote viwili.

Shukeni zaidi, mpaka ukingoni. Kabla malori hayajaanza kunguruma Poids Lourds kuna muda mfupi ambao bonde lina sauti zake. Wanawake wanaofagia barabara tayari wako kazini, na unasikia fagio zao kabla hujawaona. Yangeyange wanasimama majini bila kusogea. Fundichuma anatembea kwenye tope, anakoroga kwa mguu mmoja, anangoja, anadona. Mdiria mweupe na mweusi anasimama angani juu ya maji, mabawa yanapiga lakini mwili hauendi popote, halafu anaanguka kichwa chini. Mafunjo, ambayo mchana huonekana ni kichaka tu, saa hiyo kila uzi wa kichwa chake una tone lake la umande, na shina zima limeinama kwa uzito wa matone. Jua likipanda yanaanza kudondoka, na kwa dakika chache kinamasi kizima kinanyesha ndani yake chenyewe. Sijui namna nyingine ya kuwaeleza. Nendeni mkaone.

Hoja ya tatu: mto huu una kumbukumbu

Hapa naomba utulivu wenu. Hakuna Mnyarwanda anayeweza kusimama na kusifu uzuri wa maji yanayokwenda Nyabarongo akaishia hapo.

Mnamo Novemba 1992, huko Kabaya, Léon Mugesera alisema hadharani kwamba Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa njia ya Nyabarongo. Mwaka 2016 mahakama ilimhukumu kifungo cha maisha. Lakini kati ya maneno yale na hukumu ile kulikuwa na 1994 na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na mto ulifanywa chombo cha wauaji. Miili ilichukuliwa na Nyabarongo, ikachukuliwa na Akagera, ikafika Ziwa Victoria. Wavuvi na wanavijiji wa Uganda waliwatoa majini na kuwazika watu wasiowajua. Makaburi yao yako Kasensero, Lambu na Ggolo, na ndani yake wamelazwa watu zaidi ya 10,000.

Kila mwaka kipindi cha Kwibuka, cha kuwakumbuka waliouawa, familia hukusanyika kwenye kingo za mito kuwakumbuka waliotupwa humo. Wengine wetu, wamo humu ukumbini, kwa miaka mingi hawakuweza kutazama mto. Sitawaambia watazame. Ninachosema ni kwamba mto ambao una wafu wetu katika historia yake hauwezi kuachwa uwe jalala. Kuufanya uwe safi, uwe na ukingo ambapo mtu anaweza kusimama kimya asipate harufu ya taka, ni sehemu ya heshima tunayodaiwa na waliopita humo. Na Waganda wale waliozika wageni kwa mikono yao walitutangulia katika heshima hiyo.

Hoja ya nne: uzuri wa bondeni ni wa nani?

Kwa muda mrefu tulikuwa na Kiyovu mbili. Ya juu iliitwa ya matajiri, na ya chini, Kiyovu cy'abakene, ilikuwa ya maskini. Kati ya 2007 na 2008 ile ya chini ilibomolewa, na sehemu ya wakazi wake wakahamishiwa Batsinda. Mwishoni mwa 2019 ilikuwa zamu ya nyumba nyingi zilizojengwa kinamasini katika mabonde ya mji. Viwanda na maghala ya Gikondo navyo viliondolewa, vingi vikaenda eneo maalumu la kiuchumi la Masoro.

Kwa upande wa maji, uamuzi wa kuondoa nyumba na viwanda kinamasini ulikuwa sahihi, na nausema bila kuzungusha. Nyumba iliyojengwa mahali pa maji itadaiwa na maji siku moja. Wenzetu wa Dar es Salaam wameona mto Msimbazi ukilifunika bonde la Jangwani mara kwa mara, karakana ya mabasi ya mwendokasi ikiwamo, na Nairobi haitasahau mafuriko ya 2024. Lakini kuna deni limebaki. Watu wale waliishi na kijito. Walikijua kwa jina, walijua kinapanda mpaka jiwe lipi, watoto wao walijifunza kuhesabu kwa ndege wake. Walipoondoka, ujuzi wao uliondoka nao. Kama sasa bonde litapendeza na kuwa mandhari ya wanaotazama kutoka veranda za juu peke yao, tutakuwa tumewanyang'anya mara mbili.

Hili si jambo la kubuni. Tazameni yanayotokea. Bustani ya Nyandungu, ya hekta 121, kwenye kinamasi kilichofufuliwa, ilifunguliwa Julai 2022. Mwaka huohuo Kigali ilitambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa mji wa ardhioevu, pamoja na Cape Town na Ifrane ya Morocco. Mwaka 2024 kazi ilianza katika vinamasi vitano vingine: Gikondo, Rwampara, Rugenge-Rugezi, Kibumba na Nyabugogo, jumla karibu hekta 490. Miji michache ya ukanda wetu imethubutu hivyo, na walioifanya kazi hii wanastahili sifa yetu ya dhati.

Lakini Nyandungu ina lango na kiingilio. Kwa bustani moja sina neno. Kwa vinamasi vyote sitakubali. Mama anayeuza ndizi Kanogo, kijana wa pikipiki anayengoja abiria saa kumi na moja alfajiri, mzee anayetembea kwa miguu kutoka Rugunga hadi Rwandex, hawa ndio wapitao bondeni katika saa ambayo bonde ni zuri. Njia ya ukingoni iwe wazi kwao bila tiketi, kama barabara ilivyo wazi.

Najua kuna atakayeinua mkono aseme: Mwalimu, watu wanahitaji ajira na nyumba kwanza, uzuri utakuja baadaye. Namheshimu anayesema hivyo, kwa sababu mara nyingi ameona njaa kwa macho yake. Namwomba afikirie jambo moja. Tajiri ana njia zake za kupata utulivu: ana bustani nyuma ya ukuta, ana gari la kumpeleka Muhazi Jumamosi. Asiye nacho ana ule ulio njiani mwake tu. Ukiuacha kijito cha njiani kife, umemnyima yeye, hujamnyima mwingine. Uzuri wa umma ndio mali pekee ya aina yake aliyonayo maskini, na kuuahirisha ni kumwahirisha yeye.

Yanayowezekana kuanzia mwaka huu

Sitaki tutawanyike bila kazi, basi nataja mambo manne ambayo hayangoji mradi mkubwa.

La kwanza ni njia. Kutoka Kiyovu kwenda Rwampara leo mtu hupita kando ya magari au katika vichochoro vya ngazi zilizovunjika. Ngazi nzuri zenye taa, kutoka hapa juu hadi ukingoni, zingeunganisha mlima na bonde. Naomba wahandisi waliomo humu walichukue hili.

La pili ni majina. Madereva wanavuka vijito vya Kigali kila siku bila kujua wamevuka nini. Kila daraja na kila kalvati ipate kibao chenye jina la maji yanayopita chini yake na mahali yanapokwenda. Mtu hatupi chupa kirahisi mahali alipoandikiwa kwamba maji haya yanakwenda Nyabarongo.

La tatu ni la shule. Kipupwe kinaangukia karibu na likizo ndefu, lakini Juni shule bado huwa zimefunguliwa. Walimu wa sayansi wawapeleke wanafunzi kijitoni alfajiri moja ya Juni kila mwaka, mahali palepale. Waandike kina cha maji kwa kijiti kilichotiwa alama, rangi, harufu, na ndege waliowaona. Miaka kumi ya madaftari hayo itakuwa hazina ambayo ofisi yoyote ya mipango miji itaiomba.

La nne ni umuganda, kazi yetu ya pamoja. Jumamosi ya mwisho ya mwezi tumezoea kusafisha mitaro wakati wa mvua, inapokuwa imeziba. Naomba ule wa Julai uwe wa vijito, maji yakiwa chini, ambapo kila mfuko wa plastiki na kila bomba linalotiririsha uchafu vinaonekana na kufikiwa kwa mkono.

Wanaotaka kushuka pamoja nami, nitakuwa nje ya ukumbi huu Jumapili hii saa kumi na moja na nusu alfajiri. Vaeni koti na viatu vya kufungwa, na aliye na mtoto anayeweza kuamka saa hiyo amlete. Tutashuka kwa Rugunga, tufuate maji hadi Kanogo, na kabla ya saa mbili kila mtu atakuwa amerudi kwake.

 Niko tayari kwa maswali, na kwa idhini ya Mwenyekiti ningeomba tuanze na waliokulia Kiyovu ya chini, kama wamo ukumbini, kwa kuwa wao walikijua kijito hiki kabla yetu.